Mwanangu anaogopa kulala, na shemeji keshanunua mashine ya oksijeni

BARUA

Assalaam alaykum mshauri,

Naandika saa kumi alfajiri. Nimetoka kumgeuza mwanangu kwa mara ya sita tangu tulale, na najua nikijilaza ataniita tena.

Nina watoto wawili, nakaa Tanga. Binti ana miaka 20, yuko chuoni mwaka wa pili. Kijana ana miaka 17, kidato cha tatu, na ana ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Aligunduliwa akiwa na miaka saba, akaacha kutembea kabla hajafika kumi na mbili, na tangu hapo ni kiti cha magurudumu. Maradhi haya si mageni kwangu. Kaka yangu, tumbo moja, yalimwondoa akiwa na miaka 18, usiku, amelala. Wakati ule hata jina la ugonjwa hatukulijua.

Tangu Ramadhani iliyopita mambo yamebadilika. Usiku anaita "mama nigeuze", nikimgeuza haipiti saa anaita tena. Fulana inalowa jasho na feni inazunguka. Siku nyingine anapiga kelele usingizini. Asubuhi kichwa kinamuuma, chai haitaki, halafu ikifika saa nne kichwa kimeacha chenyewe. Mwalimu wake analalamika kwamba anasinzia darasani. Tumepima malaria mara tatu, hakuna. Mama mkwe alisema ni jinamizi, tukamwita mwalimu akasoma kisomo. Tukapata nafuu siku mbili tatu, ikarudi. Sasa bibi yake humpa piriton usiku ili walau apumzike.

Tulimpeleka Dar. Alipuliza kwenye kipimo akapata asilimia 41, na nguvu ya kikohozi chake wakaandika 190. Kidoleni oksijeni ilisoma 96, nami nikashusha pumzi. Lakini walipopima damu daktari akasema baikaboneti ni 31 na kwamba kijana anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku, BiPAP. Alieleza kwa upole, ila mimi nilikuwa nalia na nusu ya maneno sikuyashika. Tunarudi baada ya wiki nne.

Mtihani wangu uko hapa. Mume wangu anataka tuuze kiwanja chetu cha Pongwe, ambacho tumepewa bei ya milioni 7, tununue mashine mpya ya milioni 5 na nusu. Kiwanja hicho ndicho tulichokiweka kwa ada ya binti ya mwaka wa mwisho. Dar kuna mtu anauza iliyotumika kwa milioni 2 na laki 8. Shemeji yangu aliye Muskati, bila kutuuliza, amenunua mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 na atakuja nayo mwezi ujao. Anasema kama tatizo ni pumzi, oksijeni si ndiyo dawa yenyewe? Nitamkataliaje mtu aliyetulipia ada miaka miwili? Naye mama mkwe anasema mashine ni za watu wa ICU, mtoto akishawekwa hatoki, tumwache apumzike kama Mungu alivyompangia.

Kijana mwenyewe hatujamwambia. Tulimwambia Dar ni vipimo vya kawaida. Juzi akaniambia, "Mama, usizime taa. Nikilala naogopa." Halafu akaniuliza mjomba alikufa na miaka mingapi. Nikasema sikumbuki.

Nipokee ya shemeji, tuuze kiwanja, au tuache? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mama, Tanga


JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ndani ya "nifanye nini" moja umefunga maswali matatu: ni mashine gani, fedha itoke wapi, na kijana aambiwe nini. Kwenye kikao cha familia yote matatu yanasemwa kwa mpigo, ndiyo maana hakuna anayemsikia mwenzake. Niruhusu nianze na linalomsumbua kijana usiku, maana hilo likieleweka mengine yatapungua uzito.

Uliposikia 96 ulishusha pumzi. Mzazi yeyote angefanya hivyo. Ila kile kifaa cha kidoleni kinapima kitu kimoja tu, oksijeni iliyobebwa na damu. Kupumua kuna kazi mbili: kuingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Mapafu ya mwanao hayana kidonda. Kilichochoka ni misuli inayoyavuta, yaani kiwambo kilicho chini ya mapafu na misuli ya katikati ya mbavu. Fikiria mvukuto wa mhunzi: mfuko haujatoboka, ni mkono unaouvuta ndio umeishiwa nguvu. Asilimia 41, yaani hewa aliyopuliza ikilinganishwa na inayotarajiwa kwa kijana mzima wa umri na kimo chake, ndiyo inayosema hivyo. Wataalamu huanza kufikiria msaada wa usiku kipimo hicho kinaposhuka chini ya 50.

Mchana anajikongoja kwa kutumia misuli ya shingo na mabega. Usiku, hasa kwenye usingizi wa ndoto, mwili hulegeza karibu misuli yote na kukiachia kiwambo kazi peke yake. Chake hakiwezi. Pumzi zinakuwa fupi, kabonidayoksaidi inajaa, na ubongo unamwamsha ili apumue. Naye akishaamka, la kuomba ni lipi kwa mtu asiyeweza kujigeuza? "Mama nigeuze." Jasho, kelele, kichwa kinachoacha chenyewe baada ya saa mbili tatu za kuwa macho, kuikataa chai, kusinzia darasani, vyote vinatoka kwenye shina hilo moja. Na ile baikaboneti 31 ni ushahidi wa figo: kabonidayoksaidi ikiwa juu usiku baada ya usiku, figo hulimbikiza baikaboneti kupunguza ukali wa asidi. Kwa kawaida iko kati ya 22 na 26 hivi. Kwa hiyo hili halikuanza wiki iliyopita.

Kisomo hakikumdhuru na sina neno nacho. Piriton ndiyo naomba iachwe kuanzia leo, na mweleze bibi kwa upole kwa nini. Kwa sasa kuamka ndiko kunakomwokoa kijana. Piriton haina nguvu za diazepamu wala za dawa za kikohozi zenye kodeini, lakini zote zinasukuma upande mmoja, zinaufanya ubongo wake uchelewe kumwamsha.

Sasa shemeji. Nia yake ni njema na hoja yake ndiyo ambayo watu wengi wangeitoa, hata wauguzi wengine. Lakini oksijeni haimpi kijana pumzi ndefu. Inaongeza kinachoingia, wala haitoi kilichojaa. Akilala na lita 2 puani, kidole kitasoma 98, nyote mtalala mmeridhika, na kabonidayoksaidi itaendelea kupanda, pengine kwa kasi zaidi, kwa sababu ubongo uliozoea kabonidayoksaidi nyingi unaweza kuwa unategemea kwa sehemu upungufu wa oksijeni ili kukumbuka kupumua. Dalili yake ni kichwa kuuma zaidi asubuhi na kijana kuwa mgumu kuamka. Hapo ndipo penye hatari.

Kosa hili lina historia. Agosti 1952 polio ilipoikumba Copenhagen, wagonjwa wengi wa hospitali ya Blegdam walishindwa kupumua, na katika wiki tatu za kwanza 27 kati ya 31 wa namna hiyo wakafa. Baikaboneti zao zilikuwa juu na madaktari wakadhani ni hitilafu ya damu isiyojulikana chanzo chake. Daktari wa usingizi aliyeitwa Bjørn Ibsen ndiye aliyetambua kwamba ni kabonidayoksaidi imejaa kwa sababu misuli haisukumi hewa. Tarehe 27 akaagiza binti wa miaka 12 atobolewe koo na kupumulishwa kwa mfuko wa mkono. Binti akapona hatari, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu wakikamua mifuko usiku na mchana. Vifo vikapungua mno. BiPAP ni mjukuu wa mkono wa wale wanafunzi, ila huyu haingii kooni. Hewa inapita kwenye barakoa ya puani au ya pua na mdomo.

Basi je, mashine ya Muskati ikataliwe? Sijui kama ni lazima uchague kati ya kupokea na kukataa. Hiyo mashine ina siku zake, kwa mfano nimonia ikimpata, ambapo daktari anaweza kuamuru oksijeni kidogo iunganishwe kwenye bomba la BiPAP huku kabonidayoksaidi ikipimwa. Kitu cha kuogopa ni kuitumia peke yake, usiku. Pengine pia duka litakubali kuirudisha. Mtu aliyeko Muskati akielezwa jambo kwa heshima anaweza kuwa na faida kubwa kuliko kiwanja, kwa sababu umeme wa Oman na plagi zao zenye pini tatu bapa zinaingia kwenye soketi zetu bila shida. Badala ya kumwambia "hii haifai", ungeweza kumwambia "daktari ametuandikia hii, na barakoa za akiba, na betri." Hatari yake ni kwamba anaweza kuumia, au akanunua tena haraka bila maandishi. Mpelekee karatasi ya daktari kwa picha, iandikwe aina ya mashine na namna inavyofanya kazi.

Hapo kwenye aina usipite haraka. CPAP na BiPAP zinafanana kwa sura, na wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua. CPAP inapuliza kwa shinikizo moja tu. Inawafaa wanaokoroma na kuzibwa koo, lakini haimsaidii mtu kuvuta. BiPAP inapuliza juu anapovuta na kushuka anapotoa. Mwanao anahitaji ile yenye mapigo ya akiba, inayoandikwa S/T, ili akisahau kuvuta mashine imvutie. Huyo wa milioni 2 na laki 8 muulize hilo kwanza. Kisha angalia saa ilizokwisha kutumika, zimo kwenye menyu, na namba ya mashine. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha kwake CPAP, BiPAP na mashine nyingine za kupumulia kwa mamilioni, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa inaweza kumeng'enyuka na kuingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Nyingi za kabla ya hapo bado zinazunguka sokoni. Ya bei rahisi inaweza kuwa nzuri kabisa, au ikawa hiyo.

Tena mashine si gharama yote. Barakoa huchakaa, kwa kawaida ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, na kuna mabomba na vichujio. Mkiimaliza fedha yote kwenye mashine, barakoa ikipasuka mwezi wa saba mtakuwa na sanduku zuri lisilofanya kazi.

Umeme je? BiPAP bila kifaa cha kupasha unyevu hula wati 30 hadi 60. Tuchukue 40 kwa saa tisa: ni chini ya nusu yuniti kwa usiku, kama yuniti 11 kwa mwezi. Betri ya sola ya amp 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, ukipitia inveta itafika saa kumi na mbili hivi. Mashine ya shemeji hula wati 300 na zaidi. Betri hiyo hiyo ingeiendesha saa moja na nusu. Kifaa cha unyevu kinaongeza ulaji sana, na kwa hewa nzito ya Tanga huenda msikihitaji. Mkikitumia, maji yaliyochemshwa na kupoa, yamwagwe kila asubuhi. Inveta iwe ya mawimbi safi. Na LUKU, dada yangu, isiishe saa nane usiku. Inaonekana jambo dogo, lakini mashine ikizimika barakoa inabaki usoni kwa kijana asiyeweza kuivua kwa mkono wake, na mashine nyingi za nyumbani hazipigi kelele umeme ukikatika. Barakoa ya mdomo na pua lazima iwe na vali ya usalama. Ya pua pekee inamwachia mdomo. Kengele isiyo na waya, ya kubonyeza kwa kidole kimoja, iwe kiganjani mwake, na mtu awe karibu.

Mama mkwe anasema akishawekwa hatoki. Ana ukweli wake, tusimdharau. Duchenne inaendelea, na baada ya miaka saa za mashine huongezeka, kwa wengine hadi mchana. Lakini kinachoziongeza ni ugonjwa. Barakoa haiizoeshi misuli uvivu; inaipumzisha usiku ili mchana ifanye kazi. Huvaliwa jioni na kuvuliwa asubuhi, na siku moja akilala bila hiyo kwa kawaida hatazimika, ataamka na kichwa chake kile kile. Huko Newcastle, Uingereza, madaktari waliangalia kumbukumbu za vijana wao wa Duchenne: wastani wa umri wa kufariki ulikuwa miaka 14.4 katika miaka ya 1960, na 25.3 kwa waliopata mashine ya usiku kuanzia 1990. Leo wapo wanaovuka 30. Sikupi namba hizi kama ahadi, maana moyo nao una hesabu yake, na nitaurudia.

Swali la haki la kumuuliza daktari ni kwa nini sasa. Mashine nayo haivaliwi kwa tahadhari tu; utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 1994 uliwapa vijana wa Duchenne kabla hawajaanza kujaza kabonidayoksaidi, na hawakunufaika. Mwanao ana dalili na ana 31, kwa hiyo yuko mahali pengine. Hata hivyo kabla ya kuuza kiwanja ombeni mambo mawili. Apimwe usiku mzima kwa kifaa kinachorekodi, pamoja na kabonidayoksaidi ya alfajiri. Na ajaribiwe mashine ya hospitali kabla ya nyinyi kununua yenu, hata usiku mbili tatu. Wapo wanaochukia barakoa moja na kuipenda nyingine, na ni bora ijulikane kabla fedha haijatoka. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulizwe kuhusu mashine ya kuazima na msamaha; bima iulizwe kwa maandishi. Ikishindikana kote, basi kiwanja na ada ya binti vinawekwa mezani mkiwa na hesabu kamili, na binti naye akiwepo. Ana miaka 20. Ada ni yake, kaka ni wake.

Mkiamua kuanza, msianze usiku. Aanze mchana, akitazama mpira, barakoa mmshikie puani bila mikanda, dakika 20. Shinikizo huanza chini, kama 8 au 10 la kuvuta na 4 la kutoa. Kosa ninaloona ni kubwa kuliko yote ni kuiacha hapo milele. Familia inaimarisha mikanda kila usiku kwa miezi, kichwa bado kinauma, wanahitimisha mashine haifai, kumbe haikupandishwa. Wengi huhitaji 14 hadi 18, wengine zaidi, na ni daktari anayepandisha kwa kufuata kabonidayoksaidi. Kuzoea kunaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Tumbo likijaa gesi, asilale punde baada ya kula na daktari aangalie shinikizo. Macho yakikauka, hewa inavuja juu ya pua. Ukikaza mikanda zaidi utapata kidonda kwenye mfupa wa pua badala ya dawa. Legeza, iweke upya ikiwa imejaa hewa, na pua ikianza tu kuwa nyekundu weka plasta laini ya kuzuia kidonda au badilisha na barakoa ya umbo jingine.

Ile 190 inanipa wasiwasi kuliko ulivyoipa nafasi kwenye barua. Ni lita kwa dakika, nguvu ya kukohoa. Chini ya 270 mafua ya kawaida yanaweza kumshinda kutoa makohozi. Chini ya 160 hawezi kabisa peke yake. Vijana hawa wengi huanguka kwa makohozi yaliyoziba wakati wa mafua. Habari njema ni kwamba dawa yake ya kwanza haina umeme. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kutumia ambubegi, yaani mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, yenye kipande cha mdomoni na vali ya njia moja. Kijana anakaa wima, pua imebanwa. Anavuta, nawe unakamua pamoja naye, haachii, unakamua tena, na tena, mpaka aonyeshe kwa jicho kwamba kifua kimejaa. Anashikilia sekunde mbili tatu, kisha anakohoa, na wewe wakati huo huo unasukuma kwa viganja chini ya mbavu, kuelekea ndani na juu. Mizunguko mitatu hadi mitano, asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Akiwa na mafua, kila baada ya saa moja au mbili. Akisikia maumivu makali ya kifua, simamisheni. Kwa usiku wa umeme kukatika, ambubegi nyingine ya kawaida, isiyo na vali hiyo ya njia moja inayomzuia kutoa pumzi, ikae kando ya kitanda.

Na kifaa cha kidoleni kipewe kazi inayokifaa: siku za mafua. Kikisoma chini ya 95, ni makohozi au pumzi fupi mpaka ithibitike vingine. Mkohoeshe. Kisipopanda, au kikifika 92, ni hospitali, bila kungoja asubuhi. Mwende na karatasi yenye mambo matatu: asipewe oksijeni peke yake bila kupimwa kabonidayoksaidi na kusaidiwa kupumua, akihitaji kupasuliwa asipewe halotheni (dawa ya usingizi) wala suksametoniamu (dawa ya kulegeza misuli), ambazo kwa Duchenne zinaweza kuvunja misuli ghafla na kuusimamisha moyo, na jina la daktari wake wa Dar. Chanjo ya mafua ni ya kila mwaka. Ile ya nimonia iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania karibu na 2013, mwanao ameshapita umri huo, kwa hiyo iulizeni.

Nimechelewa kufika kwa kijana mwenyewe, na nadhani ndiye uliyeniandikia kwa ajili yake. Umeandika kwamba hamjamwambia. Lakini mtoto asiyejua angeuliza mjomba alikufa na miaka mingapi? Ana 17, ana simu, na ana mwili wake mwenyewe. Huenda anajua mengi kuliko mnavyodhani, na kinachomkosekana ni mtu wa kujua pamoja naye. Kumwambia kuna hatari yake: anaweza kulia siku mbili, akaikataa mashine, akakuuliza swali usilo na jibu lake. Kutomwambia nako kuna yake: atavalishwa barakoa asiyojua kazi yake, ataikwepesha kichwa kwa hasira kila usiku, na hofu ya giza atabaki nayo peke yake. Labda mlango ni ule ule alioufungua. Unaweza kumrudia na kusema, "Uliniuliza juu ya mjomba nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Alikuwa na miaka 18, na hakuwa na mashine, wala sisi hatukujua ipo." Halafu nyamaza. Asipouliza la pili usimwage yote. Akiuliza kama atakufa usingizini, unaweza kumwambia ukweli uliopo: kinachomwamsha usiku kina jina, na kina msaada.

Mama mkwe amesema tumwache. Kuacha mashine ni njia ambayo watu wengine huichagua, na tiba shufaa ipo kuwasindikiza wasihangaike kwa pumzi. Ila ningependa kujua, linalosemwa hapo ni kukataa BiPAP, au ni kukataa bomba la kooni na kitanda cha ICU alichokiona bibi mahali fulani? Hivyo ni vitu viwili. Bibi akimwona mjukuu amelala usiku mmoja na barakoa hospitalini, anaweza kubaki na msimamo wake au akaubadilisha, lakini atakuwa anazungumzia kitu alichokiona. Na kauli ya kijana iwe kwenye kikao hicho, kwa sababu mwakani sheria yenyewe itamhesabu mtu mzima.

Kuanzia leo mpaka siku ya kurudi Dar, weka daftari: saa alizoita, jasho, kichwa kilianza na kuacha saa ngapi. Mlaze kichwa na kifua vikiwa juu kidogo. Ikitokea asubuhi ni mgumu kuamka, anachanganyikiwa au midomo imebadilika rangi, msingoje wiki nne.

Kuhusu moyo: Duchenne huudhoofisha taratibu, bila kelele, hivyo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ni cha lazima kwake kila mwaka kama kile cha pumzi. Na kwa kuwa kaka yako alikuwa nao na mwanao anao, karibu hakika wewe umeubeba, yaani una jeni yake bila kuugua kama wao. Wanawake wanaoubeba huweza kudhoofika moyo bila kujua, na binti yako anaweza kuwa ameurithi pia. Kwa hiyo mtakapokuwa Dar na kijana anaingia kwenye eko, andikisheni majina matatu.